Chuma Mdomoni

Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote ya kazi, na kama kuna kitu kilichonichosha kuliko vumbi la chaki, ni misemo yao. Wanafunzi wanaipenda, jamani. Wanaiokota huku na huku na kuitia kwenye kila insha, hata barua ya kumwomba mkuu wa shule ruhusa ya kwenda hospitali. Mimi nilikuwa nawaambia andikeni sentensi iliyonyooka, mbwembwe mtazijua mkikua. Lakini kuna msemo mmoja sikuweza kuukwepa, maana haukunijia darasani. Ulinijia kiwandani, mbele ya mume wangu na wenzake wote, na mimi ndiye niliyetakiwa kuutafsiri.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kukamua mafuta ya alizeti na karanga, pembezoni mwa mji wa Dodoma, mali ya umma. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kukamulia. Aliingia pale akiwa kijana wa kubeba magunia, akajifunza kwa macho na kwa mikono mpaka akakabidhiwa mashine. Akirudi nyumbani Miyuji jioni, ulimnusa kabla hujamwona. Alinuka mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa, harufu ya karanga iliyoungua kidogo. Ilikuwa kwenye nywele, kwenye shati, mpaka kwenye mto wa kulalia. Miaka ya mwanzo ya ndoa nilimgombeza aoge kwanza ndipo akae kwenye kiti changu cha vitambaa. Baadaye nikazoea, hata nikawa siinusi tena.

Kisha ukaja ule wakati wa kuuza. Kila kilichokuwa cha umma kikawa kinatafutiwa mwenyewe. Redioni tulisikia maneno mapya, soko huria, ubinafsishaji, mwekezaji, tukayazoea kama tulivyozoea yale ya zamani. Kiwanda nacho kikapata mwekezaji wake, bwana mmoja kutoka ng'ambo, mrefu, miwani inaning'inia shingoni, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Wakubwa wa kiwanda wakahangaika kutafuta mkalimani, mtu mmoja akasema mke wa fundi si mwalimu wa Kiingereza? Ndivyo nilivyojikuta nimesimama juu ya jukwaa la kushushia magunia, jasho linanitiririka, wafanyakazi wote chini wananitazama mimi badala ya kumtazama yule bwana.

Aliongea vizuri, sikatai. Aliongea taratibu, akanipa nafasi ya kutafsiri. Alisema kiwanda kitafungwa kwa muda kikarabatiwe, kisha watu wataitwa. Alisema hawataitwa wote. Akasema yeye anawataka wale ambao hata sasa, hapo walipo, wako "champing at the bit." Akanigeukia, akangoja.

Nikakwama. Si kwamba sikuujua. Niliufundisha kidato cha nne kila mwaka. Lakini kuujua msemo ni jambo moja, kuutoa mdomoni mbele ya watu ambao ugali wao uko kwenye ulimi wako ni jambo jingine. Niwaambie anataka watu wanaotafuna chuma? Wangesema mwalimu amepatwa na jua. Nikasema, "Anataka watu wenye hamu kubwa ya kazi." Wakapiga makofi kidogo, ya adabu tu. Nikamwona mume wangu kule nyuma, mikono kaifunga mgongoni, hapigi makofi, ananitazama. Ananijua huyu. Alijua nimeruka kitu.

Tulipofika nyumbani hata viatu sijavua.

"Mwalimu, yule bwana alisema nini pale uliponyamaza?"

Akinitania huniita Mwalimu, na akikasirika pia huniita Mwalimu. Siku ile hakuwa anatania. Nikamwambia ni msemo tu, Waingereza wana mambo mengi, mtu mwenye hamu ya kuanza jambo, asiyeweza kungoja, wao humfananisha na farasi anayetafuna lijamu.

"Lijamu ndiyo nini?"

Haya sasa. Sisi tuliokulia Dodoma tulikuwa tumeimba hatamu tangu utotoni. Chama kimeshika hatamu: ukutani, redioni, kwenye vitenge vya sherehe. Na makao ya hicho chama yalikuwa kwetu hapo hapo, kwa hiyo hizo hatamu, kama zilishikwa, zilishikiwa mtaa wa pili. Lakini nani kati yetu aliwahi kuona hatamu kwa macho yake? Farasi tulimjua kwa picha. Tulichokuwa nacho ni punda, na punda wa kwetu hana kitu mdomoni. Anaswagwa kwa nyuma, kwa fimbo na makelele. Hata mimi mwenyewe, na ualimu wangu wote, lijamu niliijua kwa kamusi.

Nikaokota kijiti nikamchorea uani, kwenye vumbi. Kichwa cha farasi kilitoka kama cha mbuzi, tukacheka kidogo. Nikamwonyesha kamba zinazozunguka kichwa mpaka mikononi mwa aliyempanda, ndizo hatamu zenyewe. Na hiki kipande cha chuma kinachopita mdomoni, juu ya ulimi, ndiyo lijamu. Aliyempanda akivuta kamba, chuma kinambana mnyama. Nikamweleza kwamba huko kwao kuna mashindano ya farasi. Kabla ya mbio wanapangwa kwenye mstari, wamezuiwa, nao wanajua kinachokuja. Kukimbia hawawezi, kusema hawawezi. Kinachobaki ni kukitafuna kile chuma, meno yanasaga, mapovu yanawatoka. Na lile neno la kwanza la msemo, nikamwambia, ni neno la kizamani la mlio huo wa kusaga, siku hizi halina kazi nyingine zaidi ya hiyo. Basi ukimwona farasi anatafuna, unajua huyu anataka kwenda.

Alikitazama kile kichwa cha mbuzi kwa muda mrefu.

"Kinamuuma?"

"Nani?"

"Farasi. Hicho chuma."

"Nitajuaje mimi? Nadhani kinamuuma."

"Sasa akikitafuna sana ndiyo wanamwachia? Au wanamwachia yule aliyetulia?"

Hilo halikuwamo kwenye vitabu vyangu. Nikamwambia aniondolee maswali ya farasi, watoto wanalia njaa na mkaa haujawaka. Yeye akaendelea kuwaza kwa sauti. Alikulia na punda, kwao Kibakwe, kule milimani. Akasema kwao punda anayerukaruka wakati wa kufungwa mzigo anaachwa mpaka mwisho, na fimbo juu. Aliyetulia ndiye anayetangulia kutoka. Halafu akakifuta kile kichwa kwa mguu, akaingia ndani.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu watu wa kwao, la sivyo hutanielewa. Mimi ni mtoto wa mjini, wa ukoo wa wachuuzi. Babu zetu walifika huku na misafara ya biashara wakakaa, na mimi nimezaliwa nyuma ya duka. Kwetu mtu akiingia akasimama kimya anaulizwa "Unataka nini?" hata salamu haijapoa. Kwao mtu mwenye haja haisemi haja yake. Anafika, anakaa pembeni mwa nyumba, anasalimiwa. Wanauliziwa watu wazima, wanauliziwa watoto, ng'ombe, mvua, wagonjwa. Anapewa maji. Chakula kikiwepo anapewa chakula. Mwenye nyumba akiona sasa inatosha ndipo anauliza, safari hii ni ya heri? Hapo ndipo mdomo unafunguliwa. Ukiianza haja yako mwenyewe umemtukana mwenye nyumba, ni sawa na kumwambia hana macho ya kuona kwamba mwenzake ana shida.

Alipokuja kuniposa na wajomba zake, walikaa kwenye benchi la duka la baba tangu asubuhi. Makoti wamevaa, jua lile! Baba akawauzia soda, wakanywa, wakashukuru, wakakaa. Wateja wanaingia, wateja wanatoka, wao wamekaa tu. Kufikia adhuhuri baba akamwita mama nyuma akamnong'oneza afunge sanduku la pesa, hawa watu wanatuchunguza, wana lao jambo. Mimi niko nyuma ya pazia, nakufa kwa aibu na kicheko kwa pamoja. Alasiri uvumilivu ukamwisha baba, akawaendea na ile mita yake ya mbao ya kupimia vitambaa: "Nyie wazee, kwani mnataka nini?" Mjomba mkubwa akatabasamu uso mzima. "Ahsante kwa kutuuliza, baba. Tumekuja kuomba." Tuliicheka hadithi hii miaka na miaka. Kila sherehe ya ukoo, lazima mtu aigize baba na mita yake.

Basi kiwanda kikafunguliwa tena. Kilipakwa rangi, kikawekewa geti jipya la chuma. Tuliambiwa watu wataitwa, na hakuna aliyeitwa. Wenye akili ya mjini hawakungoja kuitwa. Kila asubuhi walijazana getini, gari la yule bwana likija wanalizunguka, wanapunga mikono, wanapiga kelele kwa Kiingereza chochote walichokuwa nacho. Mmoja wao, aliyekuwa mfagiaji wa ghala, aling'ang'ania kioo cha gari akisema yeye fundi, fundi, fundi, mpaka akaingizwa. Mtu ambaye hakujua kutofautisha spana na koleo! Akavalishwa ovaroli.

Mume wangu alipiga pasi shati lake jeupe, akalivaa, akatembea kutoka Miyuji mpaka kiwandani, akakaa kwenye jiwe kando ya geti. Hakupunga mkono. Gari likipita alisimama, akavua kofia, akainamisha kichwa, akakaa tena. Kesho yake hivyo hivyo. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia.

"Leo umesema?" namuuliza jioni.

"Leo kanitazama."

"Kukutazama ndiyo kukuajiri?"

"Mtu akishakutazama, atakuuliza."

"Baba watoto, yule si mjomba wako! Hajui hayo mambo. Kwake mtu asiyesema hana shida."

"Hakuna mtu asiyejua hayo mambo, Mwalimu. Wengine wanachelewa tu."

Nilichoka. Nilichoka mpaka nikachoka kuchoka. Asubuhi nafundisha, mchana tusheni, jioni nakaanga maandazi ya kuuza shuleni kesho yake, na wanafunzi wangu wenyewe ndio wateja, heshima yote kwishney. Mji wote ulikuwa na wazimu wa haraka. Waliokuwa wanapanga foleni ya sukari juzi, leo wanauza nguo za mitumba barabarani. Walimu wenzangu wanaacha kazi kwenda kufungua vibanda vya video. Kila mtu unayekutana naye anakwenda mahali, hata kukusalimia anakusalimia akiwa keshakupita. Halafu mimi mume wangu amekaa kwenye jiwe. Watu walikuwa wananiuliza hali yake kwa sauti ile ya kuulizia mgonjwa. Na usinitajie methali za subira, nimezifundisha zote, hakuna hata moja iliyowahi kunilipia ada.

Siku moja nikasema liwalo na liwe. Nilitoka darasani moja kwa moja, chaki mpaka kwenye kope, nikaenda kiwandani. Nikamkuta kwenye jiwe lake. Shati jeupe lile lile, malori yameshalipaka vumbi jekundu mabegani. Wale wengine walikuwa wameshapungua, wamekata tamaa wamekwenda kuuza mitumba. Gari la bwana lilikuwa linawashwa ndani, linataka kutoka.

"Inuka," nikamwambia. "Namsemesha mwenyewe. Kiingereza ninacho, miguu ninayo, haya sina."

Akanishika mkono, si kwa nguvu.

"Usinisemee."

"Nisikusemee? Nani atakusemea sasa, hili jiwe?"

"Ukinisemea nitakuwa nimeingia kwa mlango wa nyuma. Kazi ile naijua, nataka niulizwe kwa jina la kazi yangu. Niache, mama."

Hajawahi kuniita mama kwa namna ile, ya kuomba. Nikamtazama vizuri. Nikaona taya lake linacheza chini ya ngozi, linapanda, linashuka. Alikuwa anasaga meno. Mtu ambaye siku zote hizo nilikuwa nawaambia ndugu zangu kwamba ametulia mno, kwamba damu yake ni baridi, kumbe alikuwa anasaga meno, na pale nilipo nilisikia mlio wake. Hakuwa ametulia hata kidogo. Alikuwa anataka ile kazi kuliko wote waliokuwa wakipiga kelele, ila mdomo wake ulikuwa umefungwa na kitu ambacho alifungwa nacho tangu mtoto, na hakujua kukitoa, na mimi sikuwa na haki ya kukitoa kwa mikono yangu.

Gari likatoka. Akasimama, akavua kofia. Bwana akatutazama, mimi na yeye, akapita. Nikarudi nyumbani nalia njia nzima, sijui kwa hasira au kwa huruma, na mama mmoja akanisimamisha kunipa pole ya msiba.

Aliitwa mwishoni mwa kiangazi. Nasema aliitwa kwa sababu ndivyo alivyosema yeye. Gari lilisimama, kioo kikashushwa, bwana akamwonyesha kwa kidole na kusema maneno na dereva wake. Dereva akatafsiri. Jioni mume wangu akaingia ndani na sweta la bluu, filimbi shingoni na rungu.

"Mlinzi?" nikasema.

"Bwana kasema mimi najua kukaa. Kasema wengine wote wanamsumbua, mimi simsumbui. Anataka mtu wa getini."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema ahsante."

"Hukumwambia kwamba wewe fundi?"

"Hakuniuliza kama mimi fundi. Aliniuliza kama naweza kukaa."

Loo! Nilirusha mwiko ukagonga ukuta, watoto wakakimbilia nje. Nilisema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Fundi mzima, mtu aliyelelewa na zile mashine, akamfungulie geti mfagiaji aliyevalishwa ovaroli! Yeye akauokota mwiko, akaupangusa, akauweka mahali pake. Akaniambia, "Nimeingia ndani ya uzio, Mwalimu. Pale getini nazisikia mashine." Na uso wake, Mungu wangu, ulikuwa na furaha.

Basi akawa mlinzi. Jioni wakati wa kula alinipa habari za mashine kama mtu anayetoka kuwaona wagonjwa wake. Ile ya kwanza leo imeamka vizuri. Ile ya pili inalalamika. Nikamwambia kawaambie, akasema wana fundi wao. Nikamuuliza anangoja nini sasa, akaendelea kula. Alirudi kiwandani, lakini harufu ya mashudu haikurudi naye. Getini upepo ulikuwa unavuma upande mwingine. Alinuka sabuni na jua, kama mtu yeyote, na mimi niliyekuwa nikimgombeza akaoge nikaanza kuikumbuka ile harufu, nikiona aibu hata kuisema.

Wakati huo huo madukani yakamiminika mafuta ya kupikia kutoka ng'ambo, kwenye madumu ya njano. Meupe, hayana harufu, bei yake nafuu. Mji wote ukahamia huko. Na mimi? Mimi nilikuwa wa kwanza, sikudanganyi. Maandazi ya biashara huwezi kuyakaangia uzalendo. Kwa hiyo mlinzi wa kiwanda cha mafuta alikula maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta ya kutoka ng'ambo, na wala hakusema neno, ila siku ya kwanza alilinusa andazi kabla ya kulitia mdomoni. Kiwandani zamu zikapunguzwa. Mashine ya pili ikasimama. Yule fundi wa kelele akaona mambo yanavyokwenda, akatoweka na ovaroli lake.

Halafu siku moja dereva akaja shuleni kunichukua. Bwana anamhitaji mkalimani. Anataka kuongea na mlinzi wake.

Ofisini nikamkuta bwana mwenyewe amekonda, miwani sasa kaivaa, meza imejaa vikombe vya chai vilivyoachwa nusu. Hata yeye alionekana mtu aliyechoka. Mume wangu kasimama mlangoni, kofia mkononi. Bwana akasema amesikia kwa watu kwamba huyu mlinzi alikuwa fundi wa zile mashine za kukamulia. Ni kweli?

Nikatafsiri.

"Mwambie ni kweli," akasema mume wangu. Akanyoosha mgongo. Sijamwona amenyooka namna ile tangu siku ya harusi yetu. Ameulizwa! Kwa jina la kazi yake, na mwenye nyumba mwenyewe.

Bwana akauliza mbona hakusema muda wote huo. Nikatafsiri.

"Mwambie nilikuwa nangoja aniulize."

Nikatafsiri hilo pia. Bwana akanitazama mimi, akidhani nimekosea. Nikalirudia neno kwa neno. Akavua miwani, akafikicha macho. Kisha akasema alichoniitia. Mashine zimeuzwa. Zinakwenda mkoa mwingine, aliyenunua anazitaka nzima, na hapa hakuna aliyebaki anayejua kuzifungua bila kuzivunja.

Nikakwama mara ya pili katika kiwanda kile. Ningependa kusema kitu kingine chochote, kwamba anauliza hali ya watoto, kwamba anaomba maji.

"Sema alivyosema, Mwalimu," mume wangu akaniambia taratibu. "Usiruke kitu."

"Anataka uzifungue mashine. Zimeuzwa. Zinaondoka."

Aligeuza uso kwenye dirisha, kule lilipo jengo la mashine. Bwana akaanza kuzungusha kalamu mezani. Halafu mume wangu akasema, "Mwambie nitahitaji mafuta ya kulainishia, na watu wawili wasio na haraka."

Juma lile alivaa nguo zake za zamani za kazi, zile nilizokuwa nimeziweka chini ya kitanda. Alizifungua mashine alivyozitunza, kipande kwa kipande, kila kimoja kakifuta, kakipaka mafuta, kakifunga kwenye gunia. Wale wasaidizi wake waliniambia baadaye kwamba kuna nati zilizoshikana na kutu ambazo wao wangezikata kwa tindo, yeye akazimwagia mafuta akakaa kuzingoja. Na kila jioni, kabla hajafika kwenye ua, ilitangulia ile harufu. Mashudu. Ilikuwa imebaki ndani kabisa ya zile mashine, na kila alipofungua ikamrukia. Nilikuwa nasimama mlangoni naivuta kwa pua. Kiwanda kinakufa, kazi inakwisha, hatujui tutakula nini, na mimi nimesimama mlangoni, nimefurahi. Sikujali. Mume wangu alikuwa amerudi kazini.

Malori yalipokuja kuchukua, yeye ndiye aliyepandisha mizigo, na kwa kuwa mlinzi mwingine hakuwepo, yeye ndiye aliyefungua geti. Yalipopita akalifunga. Akaja nyumbani kwa miguu, akakaa uani kwenye kigoda, mikono imeganda mafuta mpaka kwenye viwiko. Watoto walikuwa kwa jirani.

"Mwalimu," akasema. "Yule farasi wako. Hukunijibu. Wanamwachia?"

"Wanamwachia."

"Anakwenda anakotaka?"

"Hapana. Anakwenda anakotaka aliyempanda. Chuma hawakitoi."

Akatikisa kichwa taratibu, macho kwenye vumbi, pale pale nilipomchorea siku ile. Sikuona taya lake likicheza. Nilitazama sana, halikucheza.

"Haya," akasema. "Niletee maji nioge, nanuka."

Maji yalikuwa jikoni yanachemka, sote wawili tulisikia mfuniko wa sufuria ukigonga. Nikamwambia bado hayajapata moto, angoje kidogo. Nikavuta kigoda changu nikakaa karibu yake.